Matembezi ya Mji Mkongwe Yaanzie Makoongwe

Asubuhi yoyote ukipita Forodhani utawakuta: wageni kumi au kumi na tano, kofia pana, chupa za maji mkononi, shingo zimeelekea juu, na mbele yao mwongoza watalii anazungumza Kitaliano kama aliyezaliwa Roma. Sisi wanafunzi tunawapita pembeni. Tuna haraka, daladala haisubiri mtu. Na wengi wetu tunajiambia kimoyomoyo kwamba matembezi yale ni biashara ya wageni. Sisi wenyeji tunajua kila kitu.

Tunajua kweli? Hebu mwulize mwenzako kwa nini Beit el-Ajaib ilijengwa 1883 na si 1863. Mwulize pesa zilitoka wapi. Utaambiwa "Sultani alikuwa tajiri", kisha mazungumzo yanahamia mpira.

Mimi nasoma elimu, mwaka wa tatu, masomo ya Historia na Kiswahili. Kwetu ni Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, Pemba. Muhula uliopita niliwatembeza wenzangu 11 ndani ya Mji Mkongwe kwa miguu, saa tatu nzima, tukavigeuza vituo vya watalii kuwa andalio la somo. Makala hii ni andalio lile, limepanuliwa kidogo, ili na wewe uweze kulitumia. Ina hoja moja tu: matembezi ya Mji Mkongwe tunayoyajua ni nusu. Nusu ya pili iko ng'ambo ya mkondo, Pemba, chini ya mikarafuu.

Kabla ya kuanza: maswali manne

Ziara ya kimasomo bila maswali ni matembezi ya kupunga upepo. Hakuna ubaya kupunga upepo, lakini usimwandikie mkuu wa skuli barua ya kuombea gari. Katika kila kituo tulisimama na kujibu maswali haya, kwa mpangilio huuhuu:

1. Ninaona nini? (Kwa macho, kabla ya mtu kusema chochote.)
2. Ninaambiwa nini? (Na mwongozaji, na mzee wa barazani, na kibao ukutani.)
3. Tunajuaje? (Kuna maandishi, tarehe, jiwe, au ni maneno yaliyorithiwa?)
4. Pemba iko wapi hapa?

Swali la nne liliwachekesha wenzangu wa Unguja. Mmoja akaniambia, "Nyinyi Wapemba bwana, kila kitu mnakivutia kwenu." Nikamwambia asubiri, saa tatu si nyingi.

Kituo cha 1: Malindi

Watalii wengi huanzia Forodhani. Sisi tulianzia bandarini Malindi, kwa sababu ndipo mtu wa Pemba anapoukanyaga mji. Boti ya Mkoani inatia nanga hapo, na mbali na abiria hushuka nazi, ndizi, magunia, kuku ndani ya matenga. Mtoto wa Makoongwe anayekuja Unguja mara ya kwanza, huo ndio mlango wake.

Karibu na bandari upo msikiti wa Malindi. Jibu swali la kwanza tu: ninaona nini? Mnara wa mviringo, unaopungua unene kadiri unavyopanda, na mistari ya mapambo ya pembepembe iliyochongwa juu yake. Minara ya namna hii ni michache mno katika pwani yetu. Nimewasikia waongozaji wawili wakiutajia umri tofauti, hapo hapo, ndani ya nusu saa. Huo ni mwanzo mzuri wa swali la tatu. Mwanafunzi ajue mapema kwamba mtu kusema kitu kwa sauti ya uhakika, na kitu hicho kuwa na uhakika, ni mambo mawili.

Kituo cha 2: Dispensari ya Zamani

Shika barabara ya Mizingani, bahari kuliani kwako. Jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi ndilo Dispensari ya Zamani. Wageni hupiga picha roshani. Mwalimu amwangalie aliyelipa.

Jengo lilianzishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kiismailia mwenye asili ya Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala. Tharia alifariki 1891 kabla halijakwisha; likamalizwa 1894. Baadaye likauzwa, chini pakawa na duka la dawa na zahanati, ndipo likapata jina lake. Miaka ya 1990 lilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni.

Sasa, Tharia alipataje utajiri? Njia moja ilikuwa kukodi ushuru wa forodha. Utaratibu ulikuwa hivi: Sultani hakuwa na makarani wake wa kukusanya ushuru bandarini. Alimkodisha kazi hiyo mfanyabiashara, akalipwa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka. Mfanyabiashara akakusanya mwenyewe. Kinachozidi ni chake. Kampuni ya Jairam Shivji ilifanya kazi hii kwa miaka mingi, na Tharia naye akaishika kwa muda.

Kilichotozwa ushuru ni nini? Pembe za ndovu, watumwa, nguo, sandarusi, na karafuu. Hapo wenzangu wakaanza kuniangalia. Naam, swali la nne limeanza kujibiwa.

Kituo cha 3: Kasri na vita vya dakika 38

Jumba jeupe linalofuata ni Kasri, leo makumbusho. Hapa waongozaji wote hupenda kisa kimoja: tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kushuka kwenye kiti cha enzi, manowari za Waingereza zikapiga makombora majumba ya pwani, na vita vikaisha kwa dakika 38. Vita vifupi kuliko vyote duniani, wageni wanacheka, wanaendelea.

Sisi tulisimama. Kwanza, vitabu vingine vinasema 38, vingine 40, vingine 45. Tofauti inatokana na saa unayoanza kuhesabu na bendera unayosubiri ishuke. Pili, upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa mamia, na hilo halichekeshi. Tatu, na ndilo la somo letu: Waingereza walimweka kitini Hamoud bin Mohammed, na ni yeye aliyetia saini amri ya Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba.

Amri hiyo haikumwacha kila mtu huru siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Aliyekuwa mali ndiye aliyehangaika. Aliyekuwa na mali ndiye aliyefidiwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi sheria ya 1909. Mweleze mwanafunzi wa kidato cha pili mambo haya matatu, kisha mwache aseme mwenyewe kama utumwa "ulikwisha 1897". Mjadala hautaisha kengele ikilia.

Kituo cha 4: Beit el-Ajaib

Hatua chache tu, na hapa ndipo moyo wa somo.

Unachokiona leo si kile walichokiona kaka na dada zetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jengo ilianguka wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Jengo lililokuwa kwenye kila kalenda liligeuka kifusi ndani ya dakika chache. Hii ndiyo hoja yangu kwa wanaosema historia haina haraka. Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko vinakula chumvi na mvua kila mwaka. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, lakini orodha haishikilii dari.

Tunaambiwa nini? Kwamba lilijengwa na Sultani Barghash bin Said, likakamilika 1883, likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti, ndiyo maana watu wakaliita la ajabu. Sawa. Lakini rudi kwenye swali langu la mwanzo: kwa nini 1883?

Barghash alitawala kuanzia 1870. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Majahazi yalizama bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Mkarafuu si mhogo. Unauotesha leo, unasubiri miaka kadhaa ndipo uchume. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza wakamlazimisha atie saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Kwa hiyo ndani ya miezi 14 mtawala huyu alipoteza miti na akapoteza soko. Kwa hesabu ya kawaida angefilisika. Badala yake, miaka kumi baadaye, anafungua jumba lenye nguzo za chuma na veranda za kuzunguka pande zote.

Nini kilitokea katikati? Kimbunga kile hakikuifikia Pemba kwa nguvu. Mikarafuu ya Pemba ilisimama. Karafuu za Unguja zilipoadimika bei ikapanda, wenye mashamba wakahamishia nguvu Pemba, wakapanda zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hadi leo. Kila gunia lililokwenda sokoni lilipita kwenye ushuru.

Mwenzangu wa Unguja aliyecheka mwanzo akasema polepole, "Yaani hili jumba lina jasho la Pemba." Sisemi kila jiwe; Barghash alikuwa na mapato mengine pia. Lakini mtu akilisimulia jumba hili bila ya karafuu za Pemba, amesimulia mlango bila ya nyumba.

Kituo cha 5: Ngome Kongwe, kwa ufupi

Ngome iko jirani, basi usiipite. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kwa Mpemba kituo hiki kina faida moja: Chake Chake nako kuna ngome ya zamani, ndogo, leo ni makumbusho, na mtoto anaweza kulinganisha mbili hizo kwa penseli na karatasi. Nyumba za watu mashuhuri, za Tippu Tip na wengineo, tulizipita. Muda hautoshi, na wageni wanazijua.

Kituo cha 6: Mkunazini

Kutoka Ngomeni tulikata vichochoro kupitia Hurumzi. Jina hilo waongozaji hulihusisha na neno "uhuru", kwamba hapo watumwa walipewa uhuru wao. Linapendeza. Lakini maneno mawili kufanana sauti si ushahidi. Ingekuwa hivyo, kila Makame angekuwa na asili ya Makka.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ule tuliokwisha kuutaja, na wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa mwaka huohuo, chini ya Edward Steere, baadaye askofu. Wanafunzi wa Kiswahili wamkumbuke Steere kwa jambo jingine: kitabu chake cha lugha yetu kilichotoka 1870 kilitokana na Kiswahili cha Unguja, na lahaja hiyo ndiyo iliyokuja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kipemba changu kinachosahihishwa kwa wino mwekundu kina historia yake hapa.

Nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya 1998. Hapo hapana cha kueleza. Waache wanafunzi wanyamaze.

Jirani kuna vyumba vya chini ya ardhi, giza, dari fupi. Mgeni huambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa. Uliza swali la tatu. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria waliohoji kama vyumba vile viliwahi kufungiwa watumwa. Mwenzetu mmoja alikereka: "Sasa dada, ukiwaambia watoto hivyo si utapunguza uchungu wa jambo lenyewe?" Tulibishana pale kivulini robo saa. Msimamo wangu ni huu: soko lilikuwepo, mkataba wa kulifunga upo, waliouzwa ni maelfu. Ukweli huo hauhitaji kuongezewa chumba. Ukiongeza kimoja kisicho na hakika, siku mwanafunzi akigundua atakitilia shaka hata kile chenye hakika, na wapo watu wanaosubiri nafasi hiyo ili waseme utumwa wote ni hadithi.

Nusu ya pili ya matembezi

Kwa mtalii, Mkunazini ndio mwisho. Soko limefungwa, kanisa limejengwa, twende tukale. Kwa mtu wa Makoongwe ndipo somo linapoanza, kwa sababu soko lilifungwa mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, wakati ambao Pemba ilikuwa inahitaji mikono kuliko wakati mwingine wowote. Majahazi yakaendelea kuleta watu kwa magendo, usiku, kwenye vijito na mikoko ya Pemba. Waingereza wakaiweka manowari HMS London hapa Zanzibar, na mashua zake zikawa zinazunguka maji yetu kuwasaka. Desemba 1881 nahodha wake mkuu, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulikagua jahazi. Miaka minane baada ya "kufungwa" kwa soko.

Kwa hiyo vituo vingine viko kwetu. Gati ya Mkoani. Ngome ya Chake. Banani, karibu na Chake, ambako Wakweka wa Uingereza walifungua misheni 1897, mwaka wa ile amri. Shamba lolote la mikarafuu, ukimpata mzee wa kukuonesha. Na kwa anayetaka kwenda nyuma zaidi, kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa, kuna Pujini, boma la karne ya 15 linalosimuliwa kuwa la Mkama Ndume, mtawala aliyewatesa watu kwa kuwabebesha mawe, na kisima chake kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasigombane. Ukuta upo, ninauona. Wake wawili, ninaambiwa. Unaona maswali yanavyofanya kazi?

Swali ambalo halimo kwenye silabasi

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya wilaya ya Mkoani, niligusa mada ya utumwa na mashamba. Mvulana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Maalim, na sisi hapa tulikuwa watumwa au mabwana?"

Darasa zima lilinyamaza. Mnajua kwa nini. Kwetu watu wanajuana. Kwenye dawati moja anakaa mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa mchumaji, wanagawana muhogo wakati wa mapumziko, na mambo haya wazee huyasema kwa fumbo au hawayasemi kabisa. Mwalimu akijibu kwa kunyoosha kidole ameharibu mtaa. Akijibu "hayo yamepita" amemfundisha mtoto kwamba historia ni kitu cha kuficha.

Nilimwambia swali lake ni zuri na tutaanza kulijibu kwa kuifuata karafuu moja. Tukaandika ubaoni kila mkono unaoigusa: anayepanda, anayepanda juu ya mti kuchuma, anayechambua makonyo, anayeanika jamvini, anayebeba gunia, nahodha wa jahazi, mtoza ushuru, mfanyabiashara, Sultani, mnunuzi wa Bombay. Kisha kila kikundi kikaandika: mkono huu ulipata nini? Ulikuwa na hiari ya kukataa? Watoto wale wanajua kazi hiyo kuliko mimi. Msimu ukipamba moto madarasa hupungua watu, na bibi yangu hadi leo anahesabu malipo ya mchumaji kwa pishi. Kufika mwisho wa ubao walikuwa wameiona njia nzima kutoka matawini hadi kwenye roshani za Mizingani, bila ya kumtaja babu wa mtu. Yule mvulana akasema, "Kumbe walio wengi ni wa huku chini." Sikuongeza neno.

Ndiyo maana nataka walimu watarajiwa, hasa wa Pemba, tuyajue matembezi haya kwa miguu yetu. Wengi wa wanafunzi tutakaowafundisha hawatavuka kuja kuiona Beit el-Ajaib hivi karibuni. Watategemea sisi tumeona nini na tumeuliza nini.

Ya kuzingatia

Anza saa 2 asubuhi, kabla ya jua kuchoma. Kundi lisizidi watu 15. Vichochoro ni vyembamba. Mji huu unaishi watu: usisimame mlangoni kwa mtu, usipige picha bila ruhusa, vaa kwa stara, na salamu kwanza. Mzee aliyekaa barazani anajua mengi kuliko kibao, lakini naye mwulize "umejuaje?" kwa adabu. Papasi akikufuata, mwambie wewe ni mwalimu, ataondoka mwenyewe.

Zoezi

Chagua jengo moja kongwe unalolipita kila siku, popote unapoishi. Jibu maswali matatu ya mwanzo kwenye nusu ukurasa. Kwenye swali la nne, mahali pa Pemba weka kwenu: kijiji chako, mtaa wako, kisiwa chako kiko wapi ndani ya jengo hilo? Nani wa kwenu alibeba, alichuma, alilipa au alilipwa? Ukikosa jibu, mpigie simu bibi au babu leo jioni, muda bado upo.